Ustaz wa Munuki na Kompyuta Kumi na Mbili

Ustaz alifundisha akiwa amefunga mikono nyuma. Alisimama nyuma ya kiti chako, akashika kifundo cha mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, na hata machozi yakikutoka hakugusa kipanya chako. Nimefundishwa na watu wengi kabla yake na baada yake, na karibu wote, ukichelewa kidogo, walikunyang'anya kipanya wakabonyeza wenyewe. Yeye alingoja. Alinukia sabuni ya kufulia na chai, nawe ulisikia pumzi yake juu ya kichwa chako mpaka ukapata njia.

Juba kila mwalimu huitwa ustaz, awe wa shule ya watoto au wa kwaya, na mtaa wetu wa Munuki ulikuwa na wengi. Lakini ukiuliza Ustaz kwenye stendi ya bodaboda karibu na kituo chetu cha kompyuta, bila kuongeza neno, walikuonyesha mlango wake. Nyuma ya mlango huo mlikuwa na kompyuta kumi na mbili za mezani, kuukuu, zilizotolewa na ofisi moja ya mtaa wa Thongpiny ilipokuwa ikifunga. Zilikuja bila mfumo wowote wa kuziendesha. Ustaz akazitia Linux, mfumo huria ambao mtu yeyote anaweza kuuchukua, kuufungua aone ulivyotengenezwa, kuubadilisha na kumpa mwenzake bila kuvunja sheria ya mtu.

Mimi nilikuwa nimetoka Koboko, Uganda, kuja kumsaidia dada yangu kwenye duka lake la vyombo. Asubuhi niliuza sufuria, mchana nilikwenda kujifunza. Mwaka wa pili nilikuwa msaidizi wa Ustaz, na nilipewa kiti changu karibu na dirisha.

Kiswahili chake kilikuwa cha Uganda, cha miaka ya ukimbizini, na hakujali ngeli hata moja. Aliingiza Kiarabu cha Juba pale alipoona kinafaa. Kiingereza kilichoandikwa kwenye skrini alikijua kuliko sisi sote, lakini alikataa tukikariri. Ujumbe wa kosa ukitokea, wanafunzi walitaka kuufunga haraka kama mtu anayefukuza nzi. Yeye alisema, "Acha. Soma. Kompyuta hapana chukia wewe. Inasema kitu inataka."

"Inasema imeshindwa, Ustaz."

"Imeshindwa nini? Mimi iko nauliza. Soma mpaka mwisho."

Na mara nyingi mwisho wa ujumbe ndipo palipokuwa na jina la kitu kinachokosekana.

Kueleza kadi ya picha alitumia njia yake mwenyewe. Alifungua sanduku la kompyuta moja, akatuonyesha ile kadi ya kijani yenye feni ndogo, akasema hili ni gari. Gari liko, tairi ziko, mafuta yako. Halafu akauliza kwa nini haliendi. Madereva wa bodaboda waliokuja jioni kusoma barua pepe zao walijibu kwa pamoja kwamba hakuna dereva. Akafurahi siku nzima. Tangu siku hiyo, programu inayouwezesha mfumo kuitumia kadi ya picha tuliiita dereva, na ikiharibika tulisema dereva amelala, au dereva amekimbia. Akaongeza jambo moja ambalo sikulitilia maanani: gari la zamani halitaki dereva wa gari jipya.

Alikuwa mkali. Mwanafunzi mmoja, mwanamume mwenye familia, alileta diski yenye mfumo wa kununua ulioibwa, akataka kuuweka kwenye kompyuta aliyoizoea ili aone filamu vizuri. Ustaz aliichukua ile diski, akaivunja vipande viwili juu ya goti, akamrudishia vyote. Yule bwana hakurudi tena. Mke wake Ustaz aliniambia baadaye kwamba usiku ule mumewe hakula, kwa kuwa alijua amemvunjia mtu heshima mbele ya wengine. Kesho yake alikwenda nyumbani kwa yule bwana kuomba radhi, akamkuta amesafiri kwenda Yei.

Alikataza chai karibu na mashine, na kikombe chake mwenyewe kilikaa juu ya mashine ya kwanza, sukari vijiko vinne. Tukimtazama alisema, "Hii iko dawa."

Kazi iliyomla zaidi ilikuwa kutafuta programu. Intaneti yetu ilikuja kwa modemu ndogo ya kuchomeka, ikatosha barua pepe tu. Kwa hiyo kila kitu kikubwa alikifuata Thongpiny, kwenye hoteli moja karibu na uwanja wa ndege ambako fundi wa mitandao, Mganda, alimruhusu kukaa kwenye kona ya ofisi yake na kupakua. Alipanda bodaboda, flashi ikiwa imefungwa kwenye mfuko wa nailoni na kuning'inia shingoni. Alirudi saa nane, akaichomeka, akaanza kusakinisha, na mfumo ukamwambia kwamba programu hiyo inahitaji nyingine ambayo haipo. Akaandika jina lake kwenye daftari la shule. Kesho yake alikwenda tena. Akaja na ile ya pili, nayo ikadai ya tatu. Nimemwona akienda Thongpiny mara nne kwa ajili ya dereva mmoja, na mara ya nne alirudi akicheka peke yake barabarani, kwa sababu hakuna kilichokosekana tena.

Kuna mama mmoja, muuza samaki wakavu, ambaye binti yake alifunga ndoa Kampala naye hakuweza kusafiri. Kanisa la kule liliweka video ya harusi kwenye tovuti yao. Mama akaja na anwani ya tovuti imeandikwa kwenye karatasi. Tukaifungua kwenye kivinjari, na mahali pa video pakatokea kisanduku cha kijivu na maneno kwamba programu-jalizi inakosekana. Ustaz akamweleza mama kwamba kivinjari peke yake hakiwezi kuonyesha picha za aina ile, kinahitaji kipande kidogo cha programu cha kuchomekwa ndani yake ili kiweze. Mama akasema, "Sasa kipande hiyo iko wapi?" Ustaz akasema kiko, nitakileta.

Kilimchukua siku tatu. Kilichopatikana kwanza kilikuwa cha mashine za aina nyingine. Cha pili kiliingia, lakini kivinjari hakikukiona mpaka kikahamishiwa kwenye folda yake kwa mkono. Siku ya nne tulimwita mama saa moja asubuhi, wakati mtandao una nguvu kidogo. Video ilikuja kwa kukatakata, ikasimama, ikaendelea. Bi harusi alipoingia mlangoni mama alimsalimu kwa sauti, akamuuliza habari za njia. Ustaz alitoka nje. Nilimfuata nikamkuta anatengeneza waya wa antena ambao haukuwa na shida yoyote.

Sasa niseme lile ambalo lilinishangaza kwake tangu mwanzo. Mtu huyu alihubiri kila siku kwamba elimu ya kompyuta haifungwi, kwamba mfumo ule ni wa wote, kwamba ukijua kitu mpe mwenzako. Lakini nywila ya msimamizi, ile inayoruhusu kusakinisha au kuondoa kitu, aliijua yeye peke yake. Kamati ya kituo ilimwomba mara mbili aiandike na kuiweka kabatini. Alikataa. Alisema watu watagusa. Akiugua, chumba kizima kilisimama kwa sababu ya programu moja ndogo. Wengine walisema anaogopa kufukuzwa. Mimi nafikiri alizipenda zile mashine, akashindwa kuamini kwamba mtu mwingine angezipenda vilevile.

Halafu akaniambia mimi.

Ilikuwa Ijumaa. Jumatatu wangekuja wageni wa shirika moja kuona kama kituo kinafaa kupewa mafunzo ya wakunga kwa miaka mitatu. Masomo yenyewe yalikuwa video za kufunguliwa kwenye kivinjari: jinsi ya kumsaidia mama anayevuja damu, jinsi ya kumpa pumzi mtoto aliyezaliwa kimya. Ustaz alikuwa ametoka kitandani kwa malaria siku mbili zilizopita. Dawa zilikuwa zimemwacha na kelele masikioni na kichwa kizito. Alisakinisha programu-jalizi kwenye mashine zote, video zikafunguka, ila picha zilirukaruka kwa kuwa dereva wa picha alikuwa wa zamani. Kwenye flashi yake alikuwa na madereva wawili, mmoja wa toleo jipya na mwingine wa toleo la nyuma kidogo. Aliweka yule wa nyuma. Picha zikatulia kiasi, si sana.

Alipomaliza aliketi, akaniita. "Ya biniya," akasema, yaani ewe binti, "mimi ikianguka tena, nani atafungua?" Akaniandikia nywila kwenye kiganja kwa kalamu, akangoja niisome mara tatu, kisha akaninawisha mkono kwa maji ya chupa. "Wewe peke yako. Kamati hapana jua. Na ile dereva mpya, wacha. Inatosha hivi."

Jumamosi mchana nilikuwa peke yangu kituoni. Nilifungua video ya mtoto asiyepumua, na picha ikaruka pale pale ambapo mkono wa mkunga unageuza kichwa cha mtoto. Nikafikiri wageni wataona hivi. Nikafikiri pia, na hili ndilo la kweli zaidi, kwamba Jumatatu Ustaz angeshangaa kuona picha laini, aniulize nani amefanya, nami niseme ni mimi. Flashi ilikuwa kwenye droo. Nikaandika ile nywila, nikaweka dereva mpya kwenye mashine yangu ya karibu na dirisha, nikaizima, nikaiwasha. Video ilitembea kama maji. Nikaweka kwenye mashine nyingine kumi na moja. Nilikuwa nimalizie kwa kuziwasha upya, lakini mlinzi alikuja kuzima jenereta, nami nikaona hakuna haja, kwa kuwa moja imeshakubali.

Mashine yangu ilikuwa na kadi tofauti, mpya kuliko nyingine. Nilikuwa ninalijua hilo. Sikulikumbuka.

Jumatatu wageni walifika saa nne. Walikuwa watatu, na ndege yao ilikuwa ya saa saba. Walipokuwa wakinywa chai kwenye ukumbi, Ustaz aliwasha mashine. Ya dirishani ikaamka. Kumi na moja zikaonyesha maandishi machache, kisha giza. Alizizima, akaziwasha. Giza tena. Jasho likaanza kumtoka shingoni.

Alinigeukia, akaniuliza kwa sauti ya chini, kwa upole, "Kuna mtu amegusa?"

Nikasema, "Hapana, Ustaz."

Siwezi kueleza vizuri kwa nini. Neno lilitoka kabla sijalichagua, na likishatoka likawa limesimama mlangoni, sikuweza kupita. Alianza kufungua faili za mipangilio ya skrini, moja baada ya nyingine, kwenye ile skrini nyeusi ya kuandikia amri, inayofunguka hata picha zikikataa. Alitafuta kosa mahali ambapo halikuwapo. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake nikijua jina la kitu kilichobadilika, tena mpaka namba yake. Kuondoa dereva mmoja na kumrudisha mwingine kulihitaji dakika tano kwa kila mashine, na wageni walikuwa bado hawajamaliza vikombe vyao; hata mashine tatu zingetosha. Ningesema sentensi moja tu.

Waliingia. Mwenyekiti wa kamati akauliza kuna nini. Ustaz akainuka, akafuta mikono kwenye suruali, akaomba radhi, "Malesh. Ni kosa yangu. Mimi niliweka vibaya."

Waliona video kwenye mashine moja, nami nikiieleza, watu wanane wamebanana mbele ya skrini. Wakaandika, wakashukuru, wakaondoka.

Wiki ile ile kamati iliamua kwamba mfumo wa Ustaz hauaminiki. Zikaletwa kompyuta nyingine, mfumo mwingine, na mwalimu mwingine. Zile kumi na mbili zilifutwa diski zake na kugawanywa kwa shule. Ustaz alikabidhi funguo na daftari, akatuaga mmoja mmoja. Nilipompa mkono niliutazama uso wake nikaona hakuna hasira, na hapo nikajiambia anajua. Anajua ni mimi, na amenifunika.

Nililishika wazo hilo kwa miaka saba. Mmoja wa wale wageni alikuwa amependa nilivyoeleza video siku ile, akanitafuta, na mpaka leo nafanya kazi Thongpiny, kwenye ofisi yenye mtandao ambao Ustaz angeuota. Huko nimewasimulia wenzangu mara nyingi habari za mwalimu wangu aliyebeba kosa la mwanafunzi mbele ya wageni na hakusema neno. Nilisimulia vizuri. Kila niliposimulia nilijisikia nimelipa kitu kidogo, na sikwenda kumtafuta, ingawa Juba si mji wa kumpoteza mtu.

Mwaka huu rafiki yangu alijifungua, nikaenda kumwona mtaa wa New Site. Akaniomba nimchukulie unga wake kwenye kinu cha kusaga, nyumba ya tatu baada ya kioski. Nilisikia injini kabla sijaona mlango. Ndani wanawake walikuwa wamekaa juu ya magunia wakingoja, beseni magotini, na mtu aliyekuwa akimimina mahindi, nyusi zikiwa nyeupe kwa unga, alikuwa Ustaz. Mke wake alikuwa kwenye mizani.

Alinitambua mara moja. Alitabasamu, akanionyesha gunia nikae. Nikamsogelea, nikasema, kwa sauti ambayo mtu hutumia kusema mambo kama hayo, kwamba nimekuja na neno la siku ile ya wageni. Akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Sema kwa nguvu. Hii injini imekula sikio yangu."

Nikarudia. Akatikisa kichwa, hasikii. Mara ya tatu nilipiga kelele.

"Ni mimi niliyebadilisha dereva! Jumamosi! Mashine kumi na moja!"

Wanawake wote wakanigeukia. Ustaz alibaki ameshika debe la mahindi. Kisha akaliweka chini taratibu, akaenda kwenye injini, akaizima. Nikasikia kuku wa jirani.

"Dereva gani?" akauliza.

"Yule mpya. Aliyekuwa kwenye flashi. Ulinikataza."

"Mimi niliweka ile ya nyuma. Ijumaa."

"Uliweka sawa, Ustaz. Ilikuwa sawa. Mimi nilimtoa."

Alinitazama kama anayesoma maandishi madogo, na mpaka hapo bado nilikuwa nangoja aseme kwamba alijua. Akakaa juu ya gunia. Akahesabu kwa vidole, midomo ikicheza bila sauti, na nikaelewa kwamba anarudi nyuma, mashine baada ya mashine, kwenye Ijumaa ile ya homa.

"Mimi nilifikiri malaria imeharibu kichwa," akasema. "Nilifikiri nimechanganya zile mbili. Nilijiambia, kalas, imekwisha, sasa wewe ni mtu wa kuharibu."

"Nilidhani unajua. Nilidhani ulinifunika."

"Hapana." Alilisema bila ubaya wowote. "Ningejua, ningerekebisha."

Akamwita mke wake kwa ishara. "Mwambie na huyu," akaniambia. "Yeye iko kuishi na mimi."

Nikamwambia mkewe, tangu mwanzo, na safari hii sikuweza kusimulia vizuri. Alinisikiliza hadi mwisho akiwa ameshika jiwe la mizani. Hakunikasirikia. Aliongea akimtazama mumewe.

"Mwaka ule wa kwanza simu yangu ilipoteza saa. Nikampa, nikasema weka saa. Akakataa kuishika. Akasema, peleka kwa mtu mwingine, mimi nitaharibu. Saa tu, dada. Nikapeleka kwa jirani."

Ustaz alikuwa akitazama chini, kwenye unga uliomwagika. Mwanamke mmoja aliyekuwa akingoja tangu asubuhi akauliza, kwa heshima, kama mahindi yake yatakuwa tayari, kwa sababu ana watoto nyumbani. Ustaz akainuka. "Malesh, mama, nakuja," akasema, akaenda kuvuta kamba ya injini. Alivuta mara mbili, haikushika. Nilikuwa na muda wa kutosha. Nikangoja mvuto wa tatu, injini ikanguruma, na hapo ndipo niliposema nisamehe.